Ubongo wa Paji

Weka kiganja cha mkono wako juu ya paji la uso, juu kidogo ya nyusi. Chini ya kiganja pana ngozi, na chini ya ngozi pana mfupa mgumu wa fuvu, na nyuma ya mfupa huo imo sehemu ya ubongo ambayo habari zake ndizo tutakazosoma leo. Sehemu hiyo haioni, maana kuona ni kazi ya ubongo wa kisogoni. Haisikii, maana kusikia ni kazi ya ubongo ulio karibu na masikio. Wala haiinui mkono wala mguu. Zamani wataalamu wa Ulaya waliigusa kwa umeme katika vichwa vya wanyama, wasione kiungo hata kimoja kikitikisika, na baadhi yao wakadhani kwamba pengine haina kazi. Nasi tutaona jinsi walivyokosea.

Kwanza tumfikirie mtoto mmoja wa Mikese, umri wake miaka kumi na mmoja, aliyetumwa na mjomba wake. Katika nchi ya Uluguru mjomba ni mtu mkubwa, na neno lake halichezewi. Mjomba amemwambia hivi: “Mwanangu, nenda dukani ukanunue mafuta ya taa nusu lita, na chumvi. Ukirudi, pitia kwa bibi yako, umwambie kesho alfajiri tutakwenda shambani. Wala usikatize relini, zunguka kwenye kivuko.” Mtoto akajibu, “Ndiyo, mjomba,” akashika chupa na fedha, akaenda zake.

Njiani aliwakuta wenzake wakicheza mpira chini ya mwembe. Mmoja akamwita. Miguu yake ikataka kwenda, na moyo wake ukataka kwenda, maana mpira ulikuwa mpya. Lakini akasimama kidogo, akatazama ile chupa, akasema moyoni mwake, Nitarudi baadaye. Akaendelea na safari. Alipofika relini aliona njia ya mkato, nyeupe, iliyokanyagwa na watu wengi, na ng’ambo yake duka lenyewe. Akasimama tena. Kisha akazunguka.

Tazameni sasa mambo aliyoyafanya mtoto huyu bila kunyanyua kitu kizito kuliko chupa. Alishika maneno manne kichwani pasipo kuyaandika. Aliyapanga, lipi la kwanza na lipi la mwisho. Alijizuia kufanya lile alilolipenda saa ile, kwa ajili ya jambo lisilokuwapo mbele ya macho yake. Aliliona gari la moshi kabla halijaja. Tena aliuona uso wa mjomba wake, ingawa mjomba alikuwa mbali. Kazi zote hizi, kushika neno, kupanga, kujizuia, kutazama mbele, na kufikiri mwenzangu ataonaje, hutegemea sana ile sehemu iliyo nyuma ya paji la uso. Wataalamu huiita gamba la mbele la ubongo. Sisi katika somo hili tutaiita ubongo wa paji, kwa ufupi.

Ubongo mzima wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na theluthi hivi, yaani karibu ratili tatu kwa kipimo cha wazee wetu. Ni laini, na juu yake una mikunjo mingi, kama nguo iliyosukumwa ndani ya kikapu kidogo. Tabaka yake ya nje, lile gamba, ina unene wa milimeta 2 mpaka 4 tu. Ndani ya ubongo wote mna chembe za fahamu zipatazo milioni 86,000, na kila chembe hupelekeana habari na nyingine nyingi kwa nyuzi nyembamba mno. Ingawa ubongo ni sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za uzito wa mwili, mtu akaapo kimya hutumia sehemu 20 katika kila 100 za nguvu ya chakula chake. Kwa hiyo mtoto aliyekuja shule bila kula si mvivu anaposinzia saa nne. Moto hauna kuni.

Sehemu za mbele za gamba, pamoja na ukanda unaoamuru viungo, ni kama theluthi moja ya gamba lote la mwanadamu. Ubongo wa paji haukai peke yake. Nyuzi zake hufika karibu kila pahali pa ubongo: huletewa habari na macho na masikio, huletewa kumbukumbu, tena huletewa habari za hofu, njaa na furaha kutoka sehemu za ndani kabisa. Haufanyi kazi ya mikono. Waweza kuufananisha na msimamizi wa stesheni: yeye hachochei moto wala hashiki usukani wa gari, bali asipokuwapo magari mawili yataingia katika njia moja.

Basi, watu walijuaje mambo haya? Si kwa kutazama ubongo uliokufa, kwa kuwa ubongo uliokufa hausemi neno. Walijua kwa misiba ya watu, na msiba uliojulikana kuliko yote ulitokea katika kazi ya reli.

Sisi wa upande huu twajua reli. Njia ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikapita Mikese, ikafika Morogoro mwaka wa 1907. Mzee yeyote aliyefanya kazi ya njia atakuambia kwamba kazi hiyo ni kazi ya mtaimbo: kwa mtaimbo husogezwa mataruma na reli, kwa mtaimbo huvunjwa mawe. Na penye mwamba usiovunjika hutobolewa tundu, hutiwa baruti, mwamba ukapasuliwa.

Huko Marekani, katika jimbo la Vermont, karibu na mji mdogo wa Cavendish, palikuwa na mnyapara wa kazi ya reli, jina lake Phineas Gage, kijana wa miaka 25. Wakubwa wake walimsifu kuwa ni mtu hodari, mwenye busara katika shughuli, na asiyeacha jambo alilolianza. Alikuwa na mtaimbo wake mwenyewe, uliofuliwa kwa namna aliyoitaka, urefu wake zaidi kidogo ya mita moja, unene wake sentimeta 3, uzito wake kilo 6, na ncha yake moja imechongoka. Kazi ya mtaimbo huo ilikuwa kushindilia baruti ndani ya tundu la mwamba. Desturi ni kutia baruti kwanza, kisha utambi, kisha mchanga juu yake, ndipo kushindilia. Maana mchanga huizuia cheche isifike kwenye baruti.

Tarehe 13 Septemba 1848, saa kumi na nusu alasiri, mchanga haukutiwa. Gage alikuwa amegeuza kichwa kuwatazama watu wake. Mtaimbo ukagonga mwamba, cheche ikatoka, baruti ikalipuka. Ule mtaimbo uliruka kama mshale, ukaingia chini ya shavu lake la kushoto, ukapita nyuma ya jicho, ukapenya ubongo wa paji upande wa kushoto, ukatokea utosini, ukaanguka mbali, mwendo wa mita 25 hivi.

Kila mtu alidhani amekufa. Lakini baada ya dakika chache alisema. Wakampandisha katika gari la maksai, akakaa wima mpaka nyumba ya wageni alimopanga, akashuka, akamngoja daktari barazani, akamweleza mwenyewe habari ya ajali. Daktari John Martyn Harlow, aliyekuwa bado kijana, alimtibu wiki nyingi. Jeraha likaoza, Gage akakaribia kufa, wakapima hata sanduku lake. Kisha akapona. Jicho la kushoto lilipofuka, lakini aliweza kutembea, kusema, kuhesabu na kukumbuka.

Alipoomba kazi yake ya zamani hakupewa. Harlow aliandika habari zake mwaka wa 1868, akaeleza kwamba mtu aliyekuwa mpole na mwenye mpango alikuwa amegeuka: akitukana ovyo, hawajali wenziwe, hakubali shauri lililopingana na tamaa yake, mkaidi, na papo hapo kigeugeu, akibuni mashauri mengi na kuyaacha kabla ya kuyaanza. Rafiki zake walisema kwamba yeye si Gage tena. Hili ndilo lililowashangaza madaktari. Nguvu zake zilikuwapo, na kumbukumbu zake zilikuwapo. Kilichopotea ni yule msimamizi wa stesheni.

Hapa vitabu vingi husimama, na kumwacha Gage kama mtu aliyeharibika kabisa, kioja cha kuonyeshwa watu. Mimi sioni kuwa hivyo ni haki. Baadaye Gage alifanya kazi katika zizi la farasi, na mwaka wa 1852 akaenda Chile, akaendesha magari ya abiria yavutwayo na farasi kwa muda wa miaka saba hivi. Kazi hiyo si ya mpumbavu. Dereva huamka kabla ya mapambazuko, hufunga farasi, hupokea nauli na mizigo, hushika hatamu nyingi kwa mkono mmoja, huchagua njia milimani. Yamkini mwendo wa kila siku uliokuwa ule ule, saa ile ile, njia ile ile, ulimsaidia kujifunza upya yale yaliyopotea. Alikufa San Francisco mwaka wa 1860 kwa ugonjwa wa kifafa. Fuvu lake na ule mtaimbo vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, huko Boston.

Mtu mmoja hawezi kuwa ushahidi wa watu wote. Ushahidi zaidi uliletwa na vita, na vita vyenyewe vilifika hata hapa. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro, na Mikese ikawa bohari kubwa: mizigo ilishushwa katika gari la moshi, ikachukuliwa na wapagazi kwa miguu, katika tope la masika, kuelekea kusini hata Duthumi na mto Rufiji. Wengi wa wapagazi hao hawakurudi. Katika vita hivyo hivyo, huko Ulaya, maelfu ya askari walipigwa risasi za kichwa, na kwa kuwa uganga wa kupasua ulikuwa umeendelea, wengi walipona jeraha wakabaki na dosari ya akili. Mwaka wa 1923 daktari wa Ujerumani, Erich Feuchtwanger, alichapa kitabu, akiwalinganisha askari 200 waliojeruhiwa ubongo wa mbele na wengine 200 waliojeruhiwa sehemu nyingine. Aliona kwamba wale wa mbele hawakupungukiwa sana kumbukumbu wala maarifa, bali walipungukiwa hamu ya kuanza jambo, na uwezo wa kutawala hasira na furaha yao. Katika vita vya pili, Alexander Luria wa Urusi aliwatibu askari wa namna hiyo katika hospitali ya milima ya Ural. Huyo Luria alikuwa na majaribio mepesi yasiyohitaji chombo chochote, na moja laweza kufanywa hata darasani.

Hebu jaribuni, wawili wawili. Mmoja ni mwamuzi, mwingine ni mtendaji. Sheria ni hii: mwamuzi akigonga dawati mara moja, mtendaji agonge mara mbili, mwamuzi akigonga mara mbili, mtendaji agonge mara moja. Anzeni polepole, kisha mharakishe. Mtaona kwamba mkono una tamaa ya kuiga yale sikio lilisikialo, na kwamba kila safari kuna kitu kama breki kinachokamata mkono kabla haujakosea. Mimi mwenyewe nilipojaribu mara ya kwanza nilikosa mara tatu, nami ni mtu mzima. Luria aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake waliojeruhiwa vibaya mbele ya ubongo waliweza kuisema sheria vizuri kabisa, neno kwa neno, lakini mikono yao ikaiga tu: moja kwa moja, mbili kwa mbili. Ukiwauliza sheria ni nini, waliisema tena bila kosa. Kujua na kutenda vilikuwa vimetengana.

Habari hii yafaa kukumbukwa na kila anayemwambia mtoto, “Ulijua, mbona ulifanya?” Kujua si kazi yote.

Sasa nitasimulia jambo la uchungu, nalo latuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki kuliko yote yaliyotangulia.

Mwaka wa 1935 daktari wa Ureno, Egas Moniz, alianza kukata nyuzi zinazounganisha ubongo wa paji na sehemu za ndani, akitumaini kuwatuliza wagonjwa wa akili. Baadhi walitulia kweli, lakini wengi walitulia kama gogo: hawakuwa na hamu, wala mpango, wala aibu. Mwaka wa 1949 Moniz alipewa tuzo ya Nobel. Huko Marekani peke yake watu wapatao 50,000 walikatwa hivyo, kabla ya dawa mpya za miaka ya 1950 kuifanya kazi hiyo iachwe.

Wakati huo huo Nairobi palikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili, Mathari, iliyoko mpaka leo. Mwaka wa 1934 daktari mmoja wa Nairobi, F. W. Vint, aliandika kwamba amepima ubongo wa Waafrika waliokufa, akauona kuwa mwepesi kuliko wa Wazungu, na gamba lake kuwa jembamba. Kutoka mwaka wa 1938 Mathari ilikuwa chini ya Daktari J. C. Carothers, ambaye alipoanza hakuwa amesomea hasa ugonjwa wa akili. Mwaka wa 1951 yeye aliandika makala juu ya ubongo wa mbele na Mwafrika, akasema kwamba Mwafrika hautumii ubongo wake wa mbele ipasavyo, na kwamba tabia yake yafanana na ya Mzungu aliyekatwa nyuzi zile. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya la Dunia lilimchapia kitabu chenye mawazo hayo. Mwaka wa 1954 Serikali ya Kenya ikamchapia kingine, cha kueleza vita vya Mau Mau, kana kwamba watu waliodai ardhi yao walikuwa na maradhi ya kichwa.

Msomaji, usiuruke ukurasa huu kwa hasira. Tuyapime maneno hayo kama tunavyopima hesabu. Kwanza, uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, na chakula cha utotoni, na ugonjwa aliokufa nao mtu, na hata jinsi ubongo ulivyohifadhiwa kabla ya kupimwa. Tena hauoneshi akili ya mtu, maana wako watu maarufu wa elimu waliokuwa na ubongo mwepesi. Pili, watu ambao Carothers aliwajua kwa kazi yake walikuwa ni wagonjwa. Atakayejifunza tabia ya watu wa Morogoro kwa kuwatazama waliolazwa hospitali, atasema kwamba watu wa Morogoro hawatembei. Tatu, mtumishi anayemjibu bwana wake “ndiyo” na “sijui” si mtu asiye na mpango. Mara nyingi mpango wake ndio huo. Daktari Lambo wa Nijeria aliyapinga mawazo hayo katika miaka hiyo ya 1950, na Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Aljeria, aliyapinga kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka wa 1961. Leo ubongo wa mtu aliye hai huonekana kwa mashine, wala hakuna kabila wala taifa lililoonekana kukosa kazi ya ubongo wa paji.

Walakini ushahidi mwingine ulikuwapo karibu nasi, hata pasipo mashine. Katika miaka ile ile Carothers alipoandika kwamba Mwafrika hatazami mbele, Serikali ya Tanganyika iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi katika miteremko ya milima yao, ili kuzuia mmomonyoko. Shauri lenyewe halikuwa baya kwa nia. Lakini wakulima waliitazama ardhi yao wakaona jambo ambalo wakubwa hawakuliona: udongo wenye rutuba katika miteremko ile ni mwembamba, na ukichimba ngazi waufukia ule mzuri na kuuleta juu ule mbaya. Wakahesabu mavuno ya mwaka ujao, na kazi ya siku nyingi iliyotakiwa, wakakataa. Mwaka wa 1955 kulikuwa na ghasia huko Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Je, kufikiri mavuno yasiyopandwa bado, na kushikilia shauri hilo mbele ya bunduki, ni kazi ya sehemu gani ya ubongo?

Yasalia habari moja, nayo ni yenu hasa ninyi mnaosoma kitabu hiki.

Ubongo haukui wote kwa pamoja. Sehemu za kuona na za kutembea hukomaa mapema. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitano hukimbia vizuri. Ubongo wa paji huchelewa kuliko zote. Kwa mashine zile za kutazama ndani ya kichwa, tangu miaka ya 1990, imeonekana kwamba hauishi kujengwa mpaka mtu afikie umri wa miaka ishirini na mitano hivi. Katika muda huo nyuzi zisizotumika hupunguzwa, kama mkulima apunguzavyo miche ya mahindi iliyosongamana, na nyuzi zinazotumika huvikwa ngozi ya mafuta, ili habari zipite upesi. Kumbe sehemu za ndani, zile za kutamani, na kufurahia, na kutaka kusifiwa na wenzako, huamka kwa nguvu mapema zaidi, mtu anapobalehe. Kwa hiyo kuna miaka kadhaa ambayo gari lina moto mwingi na breki zake bado zinafungwa. Imeonekana pia kwamba kijana akiwa peke yake huamua vema kuliko akiwa anatazamwa na rafiki zake. Jambo hilo wazee walilijua zamani, na katika nchi nyingi za pwani na bara vijana wa umri huo hawakuachwa kujifunza wenyewe kwa wenyewe, walipewa walimu.

Tena kitu kinachojengwa chaweza kuharibiwa. Usingizi mchache huulegeza ubongo wa paji kabla ya sehemu nyingine. Mtu aliyekesha ngomani huweza kutembea na kusema, lakini hasira yake iko karibu. Pombe huanza kazi yake huko huko, ndiyo maana mlevi hupoteza haya kabla ya kupoteza miguu. Malaria iliyopanda kichwani huweza kumwachia mtoto udhaifu wa kuangalia na kushika mambo, hata baada ya homa kwisha. Na barabara kuu ipitayo Mikese kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro imejaa malori na pikipiki. Mtu anapoanguka na pikipiki bila kofia ngumu, mara nyingi paji la uso ndilo hutangulia. Walioumia sana hupelekwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, na huko wapasuaji huokoa maisha ya wengi. Mgonjwa hurudi nyumbani, kidonda kimefunga, anatembea, anawasalimu majirani kwa majina. Baada ya miezi mke wake husema, “Huyu si yule.” Watu humwita mvivu, au mkorofi, au husema amerogwa. Hawajui kwamba lililompata ni lile lile lililompata mnyapara wa Vermont mwaka wa 1848. Ndugu wa mgonjwa wa namna hii humsaidia zaidi wakimpangia siku yake: kuamka saa moja, kazi moja kwa wakati mmoja, na mtu wa kumkumbusha. Farasi wa Chile waweza kuwa mbuzi wa Mikese.

Nasi tumemwacha yule mtoto njiani. Alizunguka kwenye kivuko kama alivyoambiwa, akanunua mafuta ya taa nusu lita, akayashika vizuri yasimwagike. Akapitia kwa bibi yake, akamwambia habari ya shamba na alfajiri. Bibi akampa embe moja. Akarudi nyumbani jua likiwa linashuka nyuma ya milima, akaweka chupa mbele ya mjomba, akarudisha chenji. Mjomba akaihesabu, akamtazama, akauliza, “Na chumvi?”

Mtoto akageuka, akarudi dukani mbio, tena kwa njia ya kivuko.